Uso Chini ya Barua

Kadi ya kwanza ya Stanley Werema ilikuwa kipande cha pakiti ya unga wa ugali, upande usio na maandishi, jina na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Alimkabidhi meneja kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Meneja Ongeri akaipokea kwa vidole viwili, akaisoma, akaikunja pembe mpaka ikawa na ncha, kisha akaanza kuchokonolea meno.

"Fundi," akasema, kadi ikiwa bado kinywani, "kazi yako nimeiona. Stoo ya baridi ilikuwa imekufa, samaki wangu wa mbuta wameanza kunuka, wewe ukaifufua. Lakini hapa ni kampuni, si gereji. Kazi ya kudumu inapitia Nairobi, na Nairobi hawataki makaratasi. Tuma imeli. Chini ya imeli weka saini, na kwenye saini weka kadi ya kidijitali. Mtu akibonyeza, anakuona mzima mzima: picha, cheo, simu. Kama hii yangu."

Akatoa simu. Ongeri wa kwenye simu alikuwa amevaa tai na kusimama mbele ya ghorofa la vioo ambalo halikuwa Homa Bay wala karibu na Homa Bay.

"Bonyeza."

Werema akabonyeza. Kidole kilikuwa na grisi ya wiki nzima, skrini ikakataa kumtambua. Akabonyeza tena. Ongeri akaichukua simu yake, akaipangusa kwenye suruali, akairudisha mfukoni.

"Umeona?"

"Nimeona, bosi," akasema Werema, ambaye hakuwa ameona chochote.

Hakuitaka kazi ile kwa sababu ya mshahara tu, ingawa mshahara nao haukuwa wa kutemewa mate. Kazi ilikuja na nyumba: vyumba viwili nyuma ya geti la kampuni, mlango wa chuma, umeme wa bure. Yeye na mkewe Lynnet waliishi Suna, Migori, katika chumba kimoja walichogawana na friji za watu, zilizopona na zilizokata roho. Binti yao, Liz, alikuwa Homa Bay kwa nyanya yake mzaa mama, kwa sababu kwa nyanya kulikuwa na samaki na nafasi ya kutandika godoro. Kila mwisho wa mwezi Werema alienda kumwona, na jioni hiyo hiyo akarudi, maana mwanamume halali kwa mama mkwe hata mvua ya mawe inyeshe. Nyumbani kwao Kehancha nako ndugu zake walipanda tumbaku mpaka mlangoni mwa kibanda chake, na kibanda chenyewe sasa kilikuwa cha kukaushia majani.

Kwa hivyo ni vyumba viwili nyuma ya geti, au ni kuendelea kuwa baba wa kutembelea.

*

"Yaani mtu akubonyeze wewe?" Lynnet akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Na huo uso?"

"Nairobi ndio wanataka."

"Nairobi hawajui wanachokitaka. Nenda kwa Abdikarim. Huyo hata marehemu anaweza kumpiga picha ya pasipoti akatoka amependeza."

Saiba ya Abdikarim, duka lake la intaneti, ilikuwa karibu kabisa na kwao. Ukilala mchana ungesikia printa yake ikikohoa. Mwenyewe alitoka Garissa zamani, akaja Migori na mashine moja ya fotokopi, na sasa hakukuwa na barua ya Suna isiyopita mikononi mwake. Alimsikiliza Werema hadi mwisho, akavuta kiti.

"Imeli unayo?"

"Ninayo. Si wewe ndiye ulinifungulia?"

"Nenosiri?"

Werema akatazama dari. Abdikarim naye akatazama dari, labda lingekuwa limeandikwa huko.

"Wacha," akasema. "Tutatumia ya saiba. Nusu ya mtaa huu wanatumia imeli ya saiba. Hata mchungaji. Jibu likija nakuita dirishani. Sasa vaa koti."

Koti la saiba lilining'inia nyuma ya mlango. Lilikuwa jeusi, la mtu mnene, na lilikuwa limepigiwa picha na Suna nzima. Ukipanga vitambulisho vya kazi vya mtaa ule mezani, ungedhani wote ni ndugu wa tumbo moja waliorithi koti moja.

"Tabasamu."

"Nimetabasamu."

"Hiyo ni kuumwa jino. Haya, basi. Cheo tuweke nini?"

"Fundi friji."

"Walahi siandiki hivyo. Fundi friji anapewa chai nje ya geti. Tutaandika Mtaalamu wa Mifumo ya Baridi."

"Si ni kitu kimoja?"

"Ni kitu kimoja, bei mbili."

Abdikarim akabofya hapa, akavuta pale, na kadi ikatokea. Werema alikuwa ndani ya koti, jino likimuuma, jina lake kwa herufi nene, namba ya simu, na kando kijisanduku chenye madoa kama kanga, cha kupigwa picha na simu. Chini kabisa kulikuwa na kitufe cha kijani: *Bonyeza hapa tuongee.* Werema aliinama karibu na skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. Hakuwahi kujiona akiwa na herufi nene.

"Na nikitaka kutuma barua ingine, nitarudi ubandike tena?"

"Hapana. Nimeiweka ijibandike yenyewe. Kila barua ikitoka hapa, uso wako uko chini."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

"Hiyo sasa," akasema Werema, "ndiyo kompyuta."

Barua ya kuomba kazi ikatoka. Kabla ya wiki kuisha Abdikarim akampigia kelele dirishani, akamsomea jibu la Ongeri mbele ya wateja wote, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani: *Sasa naongea na mtu siriasi. Njoo Jumatatu na vitu vyako. Utatia sahihi na kupewa ufunguo.*

*

Lynnet hakuwa mtu wa kungoja. Siku hiyo hiyo alienda kwa mwenye nyumba, Mama Kultum, akamwambia wanahama. Kultum akawapongeza, akasema Mungu ni mkubwa, na kabla chai haijapoa akawa ameshapata mpangaji mwingine, kijana wa kuuza simu, atakayeingia Jumatatu mchana. Lynnet akaongea na Nicanor mwenye pikapu. Zile friji zilizokufa akaenda kubisha kwa wenyewe, mlango kwa mlango, wachukue maiti zao.

Alichohangaika nacho ni kumpata mama yake kwa simu. "Juzi amezima kutwa nzima," akasema. "Sijui alikuwa wapi, mtu asiyetoka sokoni." Alipompata, hakusema naye sana, alimtaka mtoto.

"Liz! Tunakuja kukuchukua. Tutakaa wote."

"Na Baba?"

"Na Baba."

Werema alisogeza sikio.

"Baba atakuwa analala wapi?"

"Hapo hapo na sisi."

"Halafu asubuhi bado yuko?"

"Asubuhi bado yuko," akasema Lynnet, akampa mumewe mgongo, akajifanya anakunja shuka.

*

Jumatatu mlinzi wa geti alimpigia saluti. "Karibu, Mtaalamu," akasema, na Werema akatazama nyuma kuona nani amefika.

Ongeri alikuwa ofisini, feni ikizunguka. Juu ya meza kulikuwa na ufunguo uliofungwa uzi mwekundu. Werema aliuona kabla hajaona kiti. Ongeri hakumwambia aketi. Aligeuza kompyuta ikamtazama.

"Soma."

"Miwani, bosi..."

"Nitakusomea." Na meneja akasoma, taratibu, kama anayetafuna mwiba:

*"Kwa wakubwa wa Nairobi. Sisi ni akina mama tunaoleta mbuta kwa kampuni yenu ya Homa Bay. Mizani ya Bwana Ongeri inakula. Samaki ufuoni ni mzito, akifika kwake amekonda njiani kama mgonjwa. Tukiuliza, siku hiyo hanunui kwetu. Mmoja wetu amepanga foleni hapo tangu akiwa na meno yote, sasa miguu imevimba na meno yameisha, na bado mizani haijashiba. Tunaomba majina yetu yasitajwe, maana tuna watoto na wajukuu."*

Ongeri akashusha ukurasa kwa kidole. Na pale chini, baada ya watoto na wajukuu, akatokea Stanley Werema, Mtaalamu wa Mifumo ya Baridi, ndani ya koti, akitabasamu. *Bonyeza hapa tuongee.*

"Nairobi wamenitumia mimi," akasema Ongeri. "Wameniambia nishughulikie. Sasa nashughulikia. Wewe ni mama?"

"Hapana, bosi."

"Unauza mbuta?"

"Hapana."

"Wajukuu unao?"

"Bado."

"Basi uso wako unatafuta nini hapa?"

"Umejibandika wenyewe."

Yalikuwa maneno ya kweli, na Werema mwenyewe alipoyasikia yakimtoka alijua kwamba hata yeye asingeyaamini. Ongeri akacheka, cheko fupi, la puani.

"Sikiza, fundi. Mimi sina vita na wewe. Wewe ni mtu wa Kuria, mizani ya Homa Bay inakuhusu nini? Kuna mwanamke amekutumia. Nipe jina. Moja tu, la huyo asiye na meno." Akausukuma ufunguo kwa kidole ukafika ukingoni mwa meza, upande wa Werema. "Halafu ushike huu, ukawapokee watu wako."

Jina alilijua. Alilijua tangu samaki alipokonda njiani, maana mzaha huo alikuwa ameusikia kila mwisho wa mwezi ukitoka jikoni kwa mama mkwe, yeye akiwa nje kwenye kigoda chake. Miguu ilikuwa ya mama mkwe. Meno yaliyoisha yalikuwa ya mama mkwe. Alitazama uzi mwekundu. Alimwona Liz akiamka asubuhi. Akafungua mdomo.

"Ni nyanya ya..."

"Nyanya ya nani?"

Hapo ndipo ulimi ulipogoma. Mwanamume hamtaji mama mkwe kwa jina. Tangu amwoe Lynnet alisema "Mama", alisema "Dani wa Liz", yaani nyanya kwa Kijaluo, alisema "yule wa Homa Bay". Jina lenyewe, Millicent, hakuwahi kulitamka hata peke yake chooni. Sasa lilipanda likafika kwenye meno, likasimama pale kama ng'ombe kwenye mlango asioujua, halivuki wala halirudi. Mwingine angeuita huo ujasiri. Werema hakuuita chochote. Alikuwa anatafuta mate.

"Nyanya ya nani?" Ongeri akarudia.

"Hakuna, bosi."

Ufunguo ukaingia kwenye droo. Droo ikafungwa.

"Kadi ni nzuri lakini," akasema Ongeri, akitoa kijiti cha kibiriti na kukipeleka kwenye meno. "Aliyekutengenezea ni fundi."

Getini mlinzi hakupiga saluti. Habari ilikuwa imetembea haraka kuliko miguu.

*

Alimpigia Abdikarim kwanza. Kumpigia mkewe kulihitaji maneno, na kumpigia Abdikarim kulihitaji hasira tu.

"Subhanallah," akasema Abdikarim. "Walahi nilisahau kuitoa kwa imeli ya saiba. Kuna akina mama walikuja, wamejifunika leso usoni kama wezi wa kuku. Wakasema kwao saiba zote ni za marafiki wa meneja, wamekuja Migori wasijulikane. Wakaninong'oneza, nikaandika, nikatuma. Mimi hata sikushuka chini kuangalia."

"Na barua zingine?"

"Ngoja." Kipanya cha kompyuta kikasikika kikibofya. "Kuna mwalimu ameandikia mkewe ya talaka. Kuna msichana ameomba kusomea uuguzi. Kwaya imeomba spika. Zote unatabasamu, ndugu yangu."

"Itoe."

"Nimeshaitoa, sasa hivi. Unataka nikuandikie ya kukanusha?"

"Kwa imeli gani?"

"Ya saiba."

Werema akakata simu. Alisimama kando ya barabara, bodaboda wakimwita mzee, twende. Akawaza vile mama mkwe alivyofika Suna, akakaa kwa Abdikarim mahali ambapo angeweza kusikia Lynnet akiosha sufuria, halafu akageuka akarudi Homa Bay bila hodi. Asingepiga hodi. Mama mkwe haendi kwa mkwe kama anayeenda posho mill kusaga unga. Anaalikwa, anachinjiwa, anakuja na wenzake na vyungu. Kwa heshima hiyo akapita kimya. Na kwa heshima hiyo hiyo Werema alikuwa amefunga mdomo. Heshima ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kila upande.

Akatafuta namba ya Lynnet. Kidole kikagusa skrini, na skrini, ambayo siku zote ilimkataa, mara hii ikakubali mara moja. Alikata kabla haijaita.

*

Kwa mama mkwe, kigoda chake kilikuwa pale pale, nyuma ya tangi la maji, kikiwa kimegeuzwa kisitazame mlango wa jikoni. Aliketi. Liz akaja mbio na maji ya kunawa, kisha na sahani ya ugali na samaki. Alikuwa amevaa sare ya shule ingawa shule ilikuwa imekwisha siku hiyo, na mgongoni begi lililofungwa zipu kwa shida.

"Nimeweka kila kitu," akasema. "Hata kitana."

Kutoka jikoni, sauti ya nyanya ikaja, haimlengi yeye. "Liz! Mwambie baba yako nasikia amekuwa mtu mkubwa kwa kampuni."

"Dani anasema umekuwa mtu mkubwa."

"Mwambie asante."

"Anasema asante."

"Mwambie nimefurahi. Msichana wangu atakaa karibu. Na mwambie, lakini polepole, hata sisi huyo meneja wake tumemshtaki kwa barua mpaka Nairobi. Yeye asiogope. Hakuna mtu amejulikana. Mungu ametuficha vizuri sana, kama kidagaa cha omena kwa gunia."

Liz akaja, akainama, akamnong'oneza baba yake yote hayo sikioni, na pumzi yake ilinuka samaki wa kukaanga. Werema akatafuna tonge lililokuwa limekwisha mdomoni.

"Nairobi wamejibu?" akauliza.

"Dani, Nairobi wamejibu?"

"Tunangoja. Wakubwa hawajibu kwa haraka. Lakini watakuja, mizani ile itaenda kortini." Sauti ikacheka, cheko la fizi tupu, na chombo kikagongwa kwenye jiwe. "Mwambie akisikia kitu huko ndani atuambie."

"Mwambie nikisikia nitasema."

Jua lilikuwa limeshuka upande wa ziwa, na kivuli cha tangi kimerefuka kikapita kigoda. Simu ikalia. Ilikuwa Lynnet, na nyuma yake injini, upepo, na mlio wa sufuria zinazogongana na kitanda cha chuma.

"Baba Liz! Mbona umenyamaza tangu asubuhi? Au umeanza kuringa? Tumepita Rodi Kopany. Yule kijana wa Kultum aliingia hata kabla sijamaliza kufagia, nikamwachia ufagio." Alikuwa anapiga kelele na kucheka pamoja. "Nicanor anauliza, geti la kampuni liko upande gani? Tukifika mjini tushike kulia ama kushoto?"

Werema akaishika simu kwa mikono miwili, kama alivyoishika ile kadi ya pakiti ya unga.

Jikoni sauti ikasema neno. Liz, begi mgongoni, akaja tena na ujumbe wake, ameushika vizuri usimwagike.

"Baba, Dani anasema jua linazama, hapa si pa kulala. Anasema uende kwako sasa." Akamshika kidole chenye grisi. "Twende?"

"Baba Liz? Unanisikia? Upande gani?"

Werema akasimama. Akageuka upande mmoja. Kisha akageuka upande wa pili, na mtoto, ambaye hakukiachia kidole, akageuka naye.